Waimbaji Wawili wa Choma

Je, ubora wa ngoma hupimwa kwa uzuri wa wimbo au kwa wingi wa watu? Nilikuwa nikirudi likizo kutoka Makerere na bado sikuwa na jibu, wakati abiria wawili walipoanza kubishana mbele yangu katika treni iliyotoka Tabora.

“Ngoma kama ile ya kijiji cha Choma, mwaka aliotawazwa Malkia wa Uingereza, hutaiona tena, mama,” alisema mzee mmoja. “Waimbaji wawili waliimba kwa pamoja, kila mmoja upande wake wa uwanja, na watu wakamfuata waliyempenda. Ngollo aliwavuta wote! Mwenzake alibaki akiwaimbia mbuzi.”

“Mbuzi hawakuwapo, baba. Nilikuwapo mimi,” alijibu mwanamke aliyeketi kando yake. “Huyo mwenzake ni Hilari, mume wangu. Tangu siku ile hajaimba tena, hata kanisani.”

Behewa zima lilisogea karibu, kwa adabu ya watu wanaotaka kusikia zaidi.

“Nisamehe, mwanangu. Sasa Urambo unafuata nini? Tumbaku?”

Treni ilisimama Urambo. Mwanamke aliinuka, akatutazama sote.

“Kesho Ngollo anaimba hapa. Atakayeshindana naye ni mimi.”