Senti Thelathini kwa Saa

Hapa Gulfton, Houston, kijiwe chetu ni benchi la mbao mbele ya chumba cha mashine za kufulia, katikati ya apatimenti zilizobanana hata jirani akikohoa wewe ndiye unayetafuta dawa. Jumamosi asubuhi tunangoja nguo zikauke, na Mita analeta kahawa chungu ya tangawizi kwenye chupa ya chai. Mita ni Shamsudin wa Mombasa, dereva wa teksi. Hata akikusalimu unahisi anahesabu maili. Papa Dosie, yaani Baba Faili, ni Polycarpe wa Bukavu, ambaye hajatupa karatasi hata moja tangu atoke kambi ya wakimbizi. Wa tatu ni Elphas wa Kakamega, anayewaogesha na kuwalisha wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mwezi wa Mei tulimbatiza Digrii, maana alihitimu, na sote tulikwenda kumpigia makofi. Jumamosi moja ya Agosti 2004 alikuja bila nguo za kufua. Alikuja na barua.

— Nisomee, Papa Dosie, alisema. Mimi nimeisoma mpaka maneno yamekataa kuingia.

Papa Dosie alivaa miwani, akasoma kama hakimu. Deni la chuo: dola elfu kumi na nane na mia nne. Malipo yanaanza Novemba. Mia mbili na kumi na nne kila mwezi, miaka kumi.

— Hilo si neno, Mita alisema. Msomi hupandishwa mshahara. Wewe umepandishwa ngapi?

— Senti thelathini.

— Kwa dakika?

— Kwa saa, Mzee. Nilikuwa kwa nane sabini na tano. Sasa niko tisa na senti tano.

Mita alichomoa kalamu, akapiga hesabu ubavuni mwa kikombe cha karatasi. Senti thelathini, saa arobaini, wiki nne na ushei. Alipomaliza hakucheka.

— Dola hamsini na mbili kwa mwezi, kabla serikali haijakata yake. Ukiwapa yote, usinunue hata pipi, utamaliza kwa miaka ishirini na tisa na nusu. Hapo sijatia riba. Una miaka mingapi?

— Arobaini na moja.

— Haba na haba hujaza kibaba, mon frère, Papa Dosie alisema.

— Kibaba cha nani? Elphas aliuliza.

Mimi nilikuwa naujua mpango wake wote, kwa sababu tuliishi chumba kimoja miaka yote miwili ya masomo yake. Alitoka kazini saa tisa alasiri, akapanda mabasi mawili hadi darasani. Alitaka uuguzi. Chuo kilimwambia aanze na General Studies, masomo ya jumla, kisha uuguzi ungekuja wenyewe. Muuguzi hulipwa vizuri, na kwa mshahara huo angewaleta mkewe na watoto watatu. Kila Jumapili alimwambia mkewe kwenye simu: subiri kidogo tu. Julai akapeleka vyeti vyake kwenye chuo cha uuguzi chenyewe. Katika masomo ishirini, wakakubali matatu.

— Lakini hiyo "general" ni kitu kubwa, Papa Dosie alisema. Kule kwetu mtu akikuwa général, anakula hoteli na halipe. Wewe ulionyesha boss ile neno? Pengine hakusoma vizuri.

— General ya hapa si ya bunduki, Mita akamkata. Ni ya dukani. General ni jumla! Elphas amenunua elimu kwa jumla. Sasa auze rejareja. Hesabu kwa huyu, Kiingereza kwa yule, historia kidogo kwa jirani. Biashara haigombi.

— Nani atanunua historia hapa Gulfton, Mzee?

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Mimi nimeinama miaka miwili, bana. Mgongo umebaki huko huko.

Hapo ndipo alipotuambia jambo lililomleta. Chuo chake kilikuwa kinampigia simu. Aliyempigia ni Charlotte, dada wa Nakuru aliyekaa dawati moja naye darasani. Chuo kilimwajiri awatafute watu wa kwetu, kwa Kiswahili. Charlotte alimwambia asaini miaka miwili mingine, apate digrii kamili. Mtu akiwa masomoni, deni la kwanza halidaiwi.

— Na la pili? nikamuuliza.

— La pili ni elfu ishirini na mbili. Jumatatu ndiyo siku ya kusaini.

Mita alipiga paja kwa furaha.

— Sasa si dawa hiyo! Ukimaliza, jiandikishe tena. Halafu tena. Mwanafunzi hadaiwi! Wewe soma mpaka siku ya mauti, wallahi, wakukute na mkoba mgongoni. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

— Na akifika miaka mia, Papa Dosie akadakia, serikali yenyewe itachoka. Atakuwa na madeni mingi mpaka watamwita waziri wa pesa.

Tulicheka. Elphas hakucheka. Alikuwa anaitazama barua kama mtu anayetazama picha ya eksirei yake mwenyewe.

Jepchirchir, aliyehamia apatimenti zetu wiki tatu nyuma, alikuwa amesimama mlangoni na kapu la nguo. Alitoa kikaratasi cha rangi mfukoni. Chuo kile kile.

— Hata mimi huyo Charlotte amenipea hii, alisema. Samahani, sijui mambo ya hapa. Lakini yeye alisoma hiyo kozi na Elphas, sivyo? Yeye mwenyewe deni lake analipa na nini?

 Papa Dosie alivua miwani. 

Elphas alitoa simu, akabonyeza, akaiweka benchini kwa spika. Charlotte alipokea kwa sauti changamfu, akataja jina la chuo.

— Charlotte, ni Elphas. Nataka kukuuliza kitu kimoja. Deni lako wewe, unalilipaje?

 Tukasikia simu nyingine zikilia huko alikokaa, na wanawake wakisema karibu, karibu. Alipojibu, sauti ilikuwa chini.

— Kaka Elphas, hii simu inarekodiwa.

Kisha ile sauti changamfu ikarejea.

— Basi nikuandike Jumatatu saa ngapi?

— Usiniandike, Elphas alisema.

Alikata. Jepchirchir aliingia ndani kufua. Mita alitikisa chupa, akammiminia Elphas tone lililobaki, na Elphas akalinywa limepoa.

Hakusaini. Ameomba zamu za Jumamosi na Jumapili kwa wazee wake, kwa ile ile tisa na senti tano, na kijiweni hatumwoni tena. Simu ya Kakamega siku hizi anaipiga Jumatano, dakika kumi. Siku moja mkewe alipiga mwenyewe, Elphas akiwa kazini, nikapokea mimi, akaniuliza kama ni kweli mumewe alihitimu. Nikamwambia ni kweli, nilikuwepo, nilipiga makofi.