Sifuri ya Swali la Kumi na Moja

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, uliyekalishwa mbele kama inavyostahili. Mkuu wa Chuo na jopo lako la walimu. Wazazi, waume, wake na wakwe mlioacha shughuli zenu. Wahitimu sitini na mmoja mnaotoka jasho ndani ya majoho ya kuazima. Na wewe, kaka yangu uliyekaa mstari wa mwisho karibu na mlango, ambaye jina lako halimo kwenye ratiba: nawasalimu nyote kwa mpangilio huo, na wewe wa mwisho nakusalimu mara mbili.

Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumze kwa dakika kumi na tano juu ya "Kuheshimu Misingi ya Fani". Nimejipima nyumbani kwa saa: kumi na tatu na nusu, bila makofi. Kwa hiyo naomba msipige makofi ovyo.

Mshereheshaji amenitambulisha kwa jina la Mama Ndoo, tena kwa sauti ya heshima, kana kwamba nilitunukiwa. Sikutunukiwa. Nilizomewa. Na aliyeanza kuzomea alikuwa mwanafunzi mwenzangu, humu humu chuoni.

Miaka kumi na tisa iliyopita nilikaa katika ukumbi huu kufanya mtihani wa mwisho wa ufundi bomba. Tulikuwa thelathini na wanne, mwanamke peke yangu. Swali la kumi na moja liliuliza: "Je, silikoni hukauka chini ya maji? Eleza. Alama nne." Wazazi, silikoni ni ile gundi ya mpira tunayozibia mianya. Nikajibu: "Ndiyo, hukauka. Lakini haishiki kwenye ukuta uliolowa, kwa hiyo usiitegemee kuziba." Sikuwa nimelisoma mahali. Nilijua kwa sababu nilishaharibu kazi ya jirani yangu kwa kuamini vinginevyo, na tangi lake likanimwagikia mbele ya watoto wake.

Nikapewa sifuri. Si mbili, wala moja ya kufutia machozi. Mwongozo wa kusahihishia ulisema: "Hapana. Silikoni huhitaji hewa ili ikauke." Jumla yangu ikawa arobaini na saba, na anayefaulu ni wa hamsini. Chukueni arobaini na saba, ongezeni nne, mniambie mmepata ngapi.

Nilikwenda kwa Mwalimu wa Nadharia. Yupo hapa jukwaani, wa tatu kutoka kushoto. Mwalimu, shikamoo. Huyu ndiye aliyenifundisha kukata uzi wa bomba, ile mikato ya kufungia, kwa mkono, na katika miaka hii yote hakuna uzi wangu hata mmoja uliovuja; hilo nalisema kwanza, mbele ya wakubwa zake, ili lisimezwe na yanayofuata. Siku ile hakunifukuza. Alinipa kiti. Akaniuliza, "Binti yangu, nguo inakauka ndani ya beseni?"

Nikasema, "Haikauki, Mwalimu."

"Sasa hiyo silikoni yako ni nani, hata ikauke?"

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Na mimi nikacheka. Mtu akikuangusha mbele za watu unacheka kwanza. Kulia kunasubiri ufike nyumbani.

Nilipofika nyumbani sikulia. Nilipanga ndoo nane barazani. Katika kila ndoo nikatia maji, na chini yake vigae vitatu, na juu ya kila kigae, mkono ukiwa ndani ya maji hadi kwenye kiwiko, nikakamua mstari mmoja unene wa penseli, nikauachia mkia wa kushikia wakati wa kuvuta. Kigae cha kwanza nilikipaka silikoni ile yenye harufu ya siki. Cha pili, ile isiyo na harufu. Cha tatu, ile dawa nyeupe ambayo mafundi rangi huzibia nyufa za milango. Ndoo nane, vigae ishirini na vinne, siku kumi na nne.

Mama mkwe wangu alikuja siku ya tatu. Akazizunguka zile ndoo, mikono kiunoni. "Mkwe, watu wanafuga kuku. Wewe unafuga nini humu?"

"Gundi, mama."

"Inataga?"

Mama, najua umekaa hapo na wajukuu zako. Leo nakujibu: ilitaga.

Dawa nyeupe ilipotea. Kufikia siku ya pili maji yake yalikuwa kama maziwa, na vigae vyote nane vimebaki na utelezi tu. Lakini silikoni zote kumi na sita ziliganda. Kumi na sita kwa kumi na sita. Zilifanya ngozi siku ya kwanza, zikaendelea kukomaa kutoka nje kwenda ndani, na siku ya kumi na nne nilipozikata kwa wembe zilikuwa mpira mtupu hadi katikati. Kwa nini? Kwa sababu silikoni haikauki kama nguo inavyotoa maji. Inaganda kwa kula unyevu. Huku nje inauchukua huo unyevu hewani. Uliyeitumbukiza majini umeipeleka karamuni.

Ikaganda, basi, ikashika? Hapo ndipo nilipoazima mizani ya kuning'iniza ya muuza nyama, nikaifunga kwenye ile mikia, nikavuta. Kigae kimoja cha kulinganishia, nilichokipaka kikiwa kikavu huku nje, mstari wake ulikatika wenyewe kwenye kilo sita, na kigae hakikuuachia. Wale kumi na sita wa majini? Aliyejitahidi kuliko wote alibanduka kwenye gramu mia nne. Wengi hawakufika robo kilo. Walitoka wazima, wamenyooka, wagumu, hawana hata chembe ya kigae mgongoni.

Niliandika hesabu hizo zote kwenye barua, nikaileta hapa, na ndipo mwanafunzi mwenzangu alipoanza kuniita Mama Ndoo. Nikajibiwa: "Barua yako imepokelewa." Mwaka wa sita nikaandika ya pili. "Barua yako imepokelewa." Mwaka wa kumi na mbili nikaandika ya tatu, nikaambatanisha na picha, na nakubali kwamba safari hiyo jibu lilibadilika kidogo: "Barua yako na viambatisho vimepokelewa." Wakati huo cheti nilishakipata chuo kingine, nilishafungua karakana yangu, na leo ninaposimama hapa nina mafundi arobaini na sita na matangi mia mbili na kumi na mawili ambayo hayavuji. Nadhani hiyo ndiyo sababu barua ya nne mliiandika ninyi.

Ningeweza kuishia hapo. Nimekula chumvi ya kutosha, na sifuri yangu nimeshaizoea. Ila wiki tatu zilizopita mtu alikuja karakana kwangu kuomba kazi.

Ana miaka hamsini na mitatu. Amesafisha bwawa la kuogelea la mji kwa miaka ishirini na miwili, na miwili ya mwisho akisoma hapa masomo ya jioni baada ya kazi. Darasani wenzake walimwita Babu. Nikamwambia, "Kaka, nionyeshe cheti." Akanionyesha karatasi ya mtihani. Arobaini na nane. Nikaifungua nikiwa nimesimama, nikafika swali la kumi na moja, nikatafuta kiti.

Swali ni lile lile. Alama ni zile zile nne. Mwongozo haujabadilishwa hata nukta. Na Babu ameandika, kwa mwandiko wake wa taratibu: "Ndiyo inakauka, nimeiona. Tatizo haishiki."

Sifuri.

Nikamuuliza, "Umeiona wapi?" Akanieleza, na ninawaeleza ninyi kama alivyosema. Bwawa lilikuwa na ufa, linapoteza sentimita nne kwa siku. Yeye ndiye aliyekuwa akiweka alama za penseli ukutani. Akaletwa fundi, mhitimu wa chuo hiki, wa daraja la kwanza. Fundi akazama na silikoni yake, akapaka ufa mzima ndani ya maji, akarudi baada ya siku tatu, akazama tena, akabonyeza kwa kidole gumba. Akaibuka anacheka. "Babu, walitudanganya chuoni! Hii imekauka kama jiwe. Kazi imekwisha."

Wiki ya pili Babu alikuwa anazoa majani kwa wavu, akavua kitu kirefu, cheupe, kinachoning'inia kama mkanda. Akavuta. Kikaja. Akaendelea kuvuta. Alivua mita sita na nusu za silikoni, nzima, safi, ngumu. Alipoipeleka kwa msimamizi akaambiwa, "Umeibandua wewe kwa brashi yako." Akaandikiwa onyo.

Wahitimu, naomba mnisikilize hapa kuliko kwingine. Yule fundi hakuwa mjinga. Alifundishwa kuuliza swali moja tu: imekauka au haijakauka? Alipoikuta imekauka, akaona kitabu kimekosea na yeye ameshinda. Hakuna aliyemfundisha swali la pili: imeshika? Mwongozo unaosema "Hapana" haumlindi mtu na kosa hilo. Unamsukumia ndani yake. Na mtu pekee katika hadithi hii aliyejua maswali yote mawili ni mwenye wavu, na ndiye mliyemfelisha.

Sasa mtaniuliza: wewe una karakana, si umwajiri tu? Siwezi. Anayeingia ndani ya tangi wanalokunywea watu lazima awe na cheti. Hiyo ni sheria, na ni sheria nzuri. Ningeweza kumpa ufagio. Ameushika miaka ishirini na miwili, unatosha. Bwawa lao linafungwa mwisho wa mwezi ujao. Mtihani mwingine ni baada ya mwaka mzima. Arobaini na nane ongeza nne ni hamsini na mbili, Mheshimiwa Mwenyekiti, na kati ya namba hizo mbili kuna mtu mwenye nyumba ya kulisha.

Yeye mwenyewe hakutaka haya. Aliniambia asubuhi pale getini, "Mama, usigombane nao kwa ajili yangu." Sigombani, kaka. Nimealikwa kugawa vyeti, na ninasema mapema, mbele ya wote, kwa akili zangu timamu: sitagawa hata kimoja kabla karatasi hii haijasahihishwa upya. Mkuu wa Chuo, naona unatikisa kichwa. Umeniambia kabla hatujapanda jukwaani kwamba kuna taratibu, kuna kamati, kuna kikao cha robo mwaka. Nimezingoja taratibu hizo miaka kumi na tisa. Zilinipokea mara tatu.

Na ninyi wahitimu, msidhani nawatumia kama ngao. Nilimwendea kiongozi wenu wa darasa kabla ya kuingia, nikamwambia nitawachelewesha. Akasema, "Mama, tumekaa miaka miwili, dakika tano ndizo zitatuua? Nusu yetu tulifaulu ukokotoaji kwa sababu Babu alitueleza." Ni kweli au si kweli? Haya, nimewasikia. Kaeni, kaeni, nilisema makofi yasizidi.

Mwalimu wa Nadharia, kijana wangu anakuletea beseni. Usiogope, ni maji tu. Chini kuna kigae, na mstari niliopaka chini ya maji siku kumi na nne zilizopita, nikiwa na mashahidi wawili. Naomba kwanza ubonyeze kwa kidole gumba... Unasemaje? Sema karibu na kipaza sauti, wazazi wa nyuma wasikie.

Anasema, "Ni ngumu. Imekauka."

Asante, Mwalimu. Hiyo ni nusu ya jibu la Babu. Kwangu ni alama mbili. Sasa shika ule mkia. Usitumie nguvu, wewe vuta tu kama unayetoa uzi kwenye shati.

Imetoka. Imetoka yote, jamani, inueni vichwa muone. Kwa vidole viwili. Mwalimu, geuza mgongo wake: kuna chembe ya kigae? Hakuna. Na hiyo ndiyo nusu ya pili.

Unaniambia nini, Mwalimu? Nisubirini kidogo, ananong'ona... Naomba niwaambie, maana ni maneno ya heshima na yasiishie sikioni mwangu. Amesema, "Binti yangu, mimi sikuwahi kuweka mkono majini. Niliukuta mwongozo, nikaufuata." Mwalimu, katika miaka kumi na tisa hilo ndilo jibu la kwanza nililopewa ambalo si "imepokelewa". Nalipokea mimi.

Wapo wanaotaka kujua kama nitadai na alama zangu nne. Sidai. Karatasi yangu ilishachomwa, na arobaini na saba yangu ilinijengea karakana. Lakini wanaomudu kugeuza sifuri kuwa karakana ni wachache, na chuo hakijengwi ili kiwajaribu watu kwa sifuri zisizo zao. Kinachonipasa leo si kulipwa. Ni kuhakikisha hakuna wa tatu.

Kwa hiyo karatasi ya Babu nimeiweka mezani, ukurasa wa tano. Kalamu nyekundu ipo juu yake. Mheshimiwa Mwenyekiti, umeinama kumwambia kitu Mkuu wa Chuo, na Mkuu wa Chuo ameacha kutikisa kichwa. Nakushukuru kwa hilo, hata kama sijui ulichosema. Wahitimu, nawashukuru kwa subira. Wazazi, kwa masikio yenu. Mama mkwe, kwa ndoo mbili kati ya zile nane, ambazo zilikuwa zako na sikukuomba.

Nimemaliza. Sasa naomba tutulie ukumbi mzima, tusimbabaishe Mwalimu: ameshika kalamu, anasahihisha.