Shangazi Mizani na Nusu Safu Nyeupe

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuhariri ukurasa wa hadithi fupi katika jarida letu, Shangazi Mizani atarudisha ufunguo wa chumba chake cha mwisho wa ujia, kile chenye dirisha lisilofungika vizuri. Jina hilo alipewa na waandishi vijana, kwa kuwa kila hadithi ya sayansi iliyofika mezani kwake ilipimwa kwanza, ndipo ikasifiwa.

Alipokea za roketi, za nyota na za miji iliyochimbwa chini ya barafu, akazipenda zote kwa sharti moja: maumbile yasipindishwe ili kumwokoa mhusika. Mwandishi aliyelipua bomu mwezini na watu wakausikia mshindo alirudishiwa karatasi zake na swali dogo pembeni: hewa iko wapi? Utamu wa hadithi hizi, alikuwa akituambia, ni kwamba mvutano wa dunia haubembelezwi, wala haujui cheo cha mtu. Mhusika akishabanwa hana budi kufikiri, na hapo ndipo tunapomjua ni nani.

Siku moja alitaka kuona watu wangesimamaje ndani ya nyumba inayozunguka angani. Alifunga chungwa kwa uzi, akalizungusha ujiani. Uzi ukakatika. Mhasibu alipoteza kikombe cha chai, na hadi leo akipita pale huinamisha kichwa.

Lakini tunamkumbuka zaidi kwa hadithi ya fundi wa maji aliyehamia Mirihi, akamwacha mwanawe kwa bibi. Sauti kutoka huko, ikibebwa na mawimbi ya redio, huweza kuchukua dakika ishirini kufika duniani. Mtoto anauliza mama atarudi lini. Mama anajibu papo hapo. Jibu linapofika, mtoto keshalala. Mwenye jarida aliona wasomaji watachoka. Alitaka mama na mwana wazungumze kama majirani, la sivyo ukurasa ufutwe. Shangazi hakuwa na kazi nyingine ila ukurasa ule, nasi tulimsihi akubali yaishe. Alimjibu kwa upole: "Bosi, kama mama anangoja, msomaji naye atangoja."

Kisha, kati ya swali la mtoto na jibu la mama, akaacha nusu safu nyeupe, bila neno hata moja. Mpiga chapa alipanda ngazi mara mbili kuuliza maandishi yamekwenda wapi. Toleo likatoka, nasi tukakaa mkao wa kufukuzwa.

Wa kwanza kuja alikuwa dereva anayesambaza magazeti. Hakusema lolote kuhusu Mirihi. Aliomba simu ya ofisi ampigie mama yake. Barua za wasomaji zilipoanza kufika, mwenye jarida alizisoma mwenyewe, na ukurasa ukabaki. Sisi tuliozeekea mbali na kwetu tuliijua nafasi ile vizuri. Ila hatukuwahi kuiona imechapishwa.

Shangazi, asante kwa kutupima bila kutudharau. Tunakutakia afya njema, vitabu tele, na dirisha linalofungika. Hapa chini tumekuachia nusu safu nyeupe. Jibu litakapokuwa tayari, lilete. Tupo, tunangoja.