Fundi wa Simu wa Nyumba Kumi na Tisa

Wasifu huanza na kuzaliwa, na huu utafika huko. Lakini mke wa marehemu ameomba uanze na usiku wa Alhamisi, tarehe 12 Novemba 1998. Usiku ule watu wanne walikaa sebuleni kwa mdogo wa mke huyo wakiikodolea macho simu. Mume wa mdogo huyo, mhariri wa gazeti, alikuwa amechukuliwa na watu wa Ikulu jioni ile, na hakuna aliyejua amepelekwa wapi.

"Labda imekufa hii," mama mkwe wa marehemu alisema, akiinua mkono wa simu kwa mara ya tano.

"Ni nzima, mama," marehemu akajibu. "Itaita tu."

Alijua ni nzima kwa sababu wiki tatu nyuma aliitengeneza mwenyewe, na siku hiyohiyo akaiunganishia waya wa kusikilizia. Simu haikuita. Alfajiri, wakirudi nyumbani kwa miguu, alimweleza mkewe kila kitu. Mkewe alimjibu, "Nyamaza. Usilirudie hilo tena. Tuna watoto."

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Februari 1958 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa tatu wa mpiga ishara na mshonaji. Alipokuwa na miaka tisa aliifungua redio ya baba yake yote, akairudisha, ikaimba kama kawaida. Ila skrubu moja ilibaki mezani. Alilia mpaka akapitiwa na usingizi. Mama yake alimbembeleza, "Mwanangu, si inaimba?" Naye akasema, "Inaimba, lakini si nzima."

Alisoma shule ya msingi ya reli kuanzia 1966, akamaliza kidato cha nne mwaka 1976, kisha akasomea ufundi wa simu kwa miaka miwili. Kwenye ripoti yake ya mwisho mwalimu aliandika: "Mkono safi. Haulizi maswali mengi." Wazazi wake walifurahi sana.

Aliajiriwa idara ya simu mwezi Machi 1979. Mafundi wenzake walifunga nyaya kwa utepe, yeye alizifunga kwa uzi mweusi uliopakwa nta, fundo kila upana wa kidole, alivyojifunza kwa mama yake. Ndiyo maana kazini walimwita Uzi Mweusi.

Mwaka 1996 mkuu wake alimwita kwenye chumba cha nyuma ya mitambo, akampa orodha ya watu wa kusikilizwa simu, iliyoandikwa kwenye karatasi ya Ikulu. Hapakuwa na amri ya mahakama. Walikuwamo majaji, wahariri, viongozi wa walimu, hata mawaziri wawili wa Rais mwenyewe. Marehemu aliingia nyumba zao kama fundi aliyekuja kurekebisha laini, nao wakamkaribisha. Kanda zilipelekwa Ikulu kila asubuhi. Baadaye Tume ya uchunguzi ilithibitisha kwamba Rais alizisikiliza kwa masikio yake, na kwamba yaliyosemwa humo yalitumika kuwafukuza watu kazi na kuwafunga kabla ya uchaguzi.

Nyumba ya kumi na tisa ilikuwa ya mwanyumba wake, aliyeoa mdogo wa mkewe, yaani huyo mhariri. Marehemu aliomba asiende.

"Haya, nimtume mwingine akabomoe ukuta wa shemeji yako?" mkuu wake akamuuliza, huku akicheka.

Akaenda mwenyewe. Na kwa kuwa hakuweza kuacha laini inayokwaruza, aliibadilisha yote.

"Shemeji, umetufufulia simu!" mdogo wa mkewe alimwambia. "Sasa dada akipiga, ni kama yuko jikoni kwangu. Kaa basi unywe chai."

Alikaa, akanywa.

Usafi huo wa kazi ndio uliomtoa hadharani. Tume ilipokaa mwaka 2003, baada ya Rais yule kuondoka, mtaalamu alibandika picha ukutani: kila nyumba uzi mweusi, fundo kila upana wa kidole. "Nyumba kumi na tisa," alisema, "mkono mmoja." Marehemu alisimama na kukiri. Alipoulizwa kwa nini, alisema, "Nilipewa kazi, nikaifanya." Mkewe alikuwa safu ya tatu, amekaa na mdogo wake. Alitamani ardhi ipasuke. Lakini alijiziba mdomo kwa kiganja, kama mtu anayesikia habari kwa mara ya kwanza. Mdogo wake aliinuka, akahamia benchi la nyuma. Hawakuongea tena kwa miaka kumi na minane. Mhariri alikuwa ameshafariki. Alitoka kifungoni akitapika damu, akaishi miaka miwili tu.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 17 Aprili 1993, na walijaliwa mabinti wawili. Alikuwa baba mpole. Alisuka nywele za mabinti zake vizuri kuliko mama yao, naye mama yao alikubali hilo mbele za watu. Baada ya Tume alifukuzwa kazi, akawa anatengeneza pasi na feni barazani. Mara tatu alikwenda kwa shemeji yake kuomba radhi, na mara tatu alirudi bila kufunguliwa.

Aliugua figo kuanzia 2019. Alifariki Jumapili, tarehe 6 Juni 2021, saa kumi na moja alfajiri, wodi namba nne, mkewe akiwa amemshika mguu.

Ilipofika kuandika aliowaacha, mkewe hakutaka kumtia mdogo wake bila ruhusa. Jumatano alikwenda kwake na karatasi hizi. Akabisha hodi. Alisikia ndara zikija, zikasimama nyuma ya mlango. Akaanza kusoma palepale nje, ili wa kwanza kusikia awe yeye, si watu wa makaburini. Alipofika kwenye maneno "Usilirudie hilo tena," sauti ilitoka ndani.

"Ulijua usiku ule ule?"

"Nilijua, mdogo wangu."

"Na asubuhi ukarudi, ukaninawisha uso?"

"Nilikunawisha."

Mkewe akafungua karatasi ya mwisho.

"Nikuandike?" mkewe akauliza. "Au nikuache?"

"Niandike. Lakini si shemeji, na si mdogo wako. Andika amemwacha mjane wa mwanyumba wake. Wasome hivyo, kwa sauti."

Ndara zikaondoka. Mlango haukufunguliwa.

Marehemu ameacha mke, mabinti wawili, wajukuu watatu, kaka mmoja, na mjane wa mwanyumba wake. Tunamwombea pumziko la amani. Na wote waliosikilizwa majumbani mwao, tunawaomba radhi.