Mwanafunzi wa Wiki Kumi Aliyekaa Miaka Thelathini na Tano

Ijumaa tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na tano katika kiwanda chetu cha ndoo na mabeseni, msimamizi wa mafunzo anarudisha kofia ngumu na kwenda nyumbani. Buti akae nazo, hakuna atakayezitaka. Ofisi imeniomba niandike wasifu wake kwa sababu mimi ndiye niliyempokea, na wenzangu wa wakati ule ama wamekufa ama wana akili ya kukataa. Waliniambia niandike maneno mazuri. Nimeyatafuta.

Humu ndani hakuna anayemwita kwa jina. Ni Mwanafunzi. Ana miaka sitini, kichwa cheupe na miwani jozi mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kuitafutia ile ya kwanza, lakini ni Mwanafunzi tu. Alikuja kwa wiki kumi za mafunzo kwa vitendo, na hatujaona sababu ya kumpandisha.

Alifika na shati jeupe lililopigwa pasi, kalamu nne mfukoni na rula ya chuma ndefu kama mkono wake. Alitusalimia, "Habari za asubuhi, wahandisi wenzangu." Fundi umeme akanitazama, nami nikamtazama. Tulijua wiki kumi hizo hatutachoka.

Wakati ule mwanafunzi wa chuo alikuwa na kazi tatu kiwandani: kuchemsha chai, kutenga vifuniko vyekundu na vya bluu, na kuandika kwenye daftari la mafunzo kwamba amejifunza mengi. Meneja wa uzalishaji aliyasaini madaftari yote Ijumaa ya mwisho, simu ikiwa sikioni. Chuo kiliridhika, wazazi walifurahi, na dunia ikapata mhandisi anayejua rangi mbili. Ukikwama kwenye lifti, kumbuka hayo.

Wiki ya kwanza tulimtuma stoo akalete gunia la upepo wa akiba. Mama wa stoo, mwanamke asiyecheka hata umtekenye, alimfungia gunia tupu kwa kamba. "Lishike mdomo vizuri, mwanangu. Likivuja utajaza fomu." Akalibeba kwa mikono miwili, akavuka nalo uwanja mzima, akaja kuniuliza upepo huo umeshindiliwa kwa nguvu kiasi gani. Fundi umeme ilibidi akae chini.

Wiki ya tano akatuharibia starehe.

Mashine namba tatu ilikuwa yangu. Ina bomba nene la kuyeyushia plastiki, na juu ya bomba kuna kipimo cha joto chenye mshale. Kila saa mwendesha mashine anatakiwa asome mshale na kuandika kwenye kitabu cha zamu. Mimi niliandika mia mbili na kumi. Kila saa, miaka minne. Meneja alitia sahihi chini ya kila ukurasa. Ndoo zilikuwa zinarudi kutoka madukani zimekatika masikio, pale mshikio unapoingia, na sisi tulikuwa tunamlaumu anayetuletea chembe za plastiki.

Jumatatu moja Mwanafunzi alitutangulia wote. Mashine ilikuwa imezimwa tangu Jumamosi. Akatazama kipimo: mia mbili na kumi. Akaweka kiganja kwenye bomba: baridi kama sakafu.

"Fundi," akaniambia nilipoingia, "hii mashine huwa inapoa lini?"

"Ikizimwa."

"Basi haijawahi kuzimwa. Hata siku ile umeme ulipokatika kutwa nzima, umeandika mia mbili na kumi. Na meneja amesaini."

Nikamwambia aende akatenge vifuniko.

Hakwenda. Aliandika yote kwenye daftari lake kwa mwandiko wa mtoto wa shule: kwamba mshale umekufa, kwamba plastiki inaungua bila mtu kujua, kwamba ndiyo maana ndoo zinakatika masikio, na kwamba kitabu cha zamu kinajazwa na kusainiwa bila yeyote kutazama kipimo. Angenyamaza, meneja angesaini bila kusoma, kama siku zote. Lakini huyu hamnazo, Ijumaa ya mwisho, alimfungulia meneja ukurasa wenyewe na kuuweka chini ya pua yake.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Alipoumaliza kuusoma aliniita nisubiri barua ya kufukuzwa, na nyumbani nilikuwa na watoto wanne.

"Futa hii," meneja akamwambia. "Andika kwamba mwendesha mashine amedanganya vipimo, basi. Nasaini sasa hivi."

"Amedanganya kweli, mzee. Lakini wewe umemsainia."

"Unajua bila sahihi yangu unarudia mwaka?"

"Najua."

Akalifunga daftari, akaliweka kwapani, akatoka. Meneja hakuweza kunifukuza, maana angenifukuza mimi, lile daftari lingefunguliwa mahali pengine. Nikarudi kwenye mashine. Kwa mara ya kwanza katika miaka minne sikujua niandike nini.

Wenzake walihitimu, yeye akarudia mwaka. Viwanda vingine vikamkataa, nani anataka mwanafunzi aliyeshindwa hata kupata sahihi? Akarudi kwenye geti letu na shati lilelile. Bahati yake meneja alikuwa ameshahamishiwa kiwanda cha mifagio, akakiharibu na chenyewe. Kipimo kipya kilikuwa kimefungwa. Kumbe kilikuwa kimekaa stoo miaka miwili ndani ya boksi lake. Ndoo zilikuwa zimeacha kurudi. Akamaliza wiki kumi nyingine, akasainiwa, akaajiriwa, na hatukumtoa tena.

Amekuwa fundi wa matengenezo, msimamizi wa zamu, na miaka kumi na tisa hii msimamizi wa mafunzo. Si mtu wa kupendeza. Amesoma madaftari zaidi ya mia tatu, kila mstari, midomo ikicheza, na hajawahi kusaini hata moja lisiloonyesha kosa la kiwanda. "Wiki kumi hujaona kosa?" huwauliza. "Kwani mafunzo umefanyia mbinguni?" Wanafunzi wanamchukia. Nimewasikia wakimsema chooni, na nimewaunga mkono.

Sasa mwezi uliopita, binti mmoja wa chuo, mdogo, mwenye sauti ya kuomba radhi, alimpelekea daftari lake. Ukurasa wa mwisho aliandika hivi: mlango wa kinga wa mashine namba tano umefungwa waya ili mashine isisimame mlango ukiwa wazi, mtu anaweza kupoteza mkono, waya umefungwa na msimamizi wangu wa mafunzo.

Ni kweli. Aliufunga mwenyewe siku ya haraka, akisema ni kwa saa moja tu. Saa hiyo ilikuwa na miezi mitatu.

Akamwambia, "Wewe binti, unajua mimi nimebakiza siku ngapi hapa?"

"Najua, mzee. Shikamoo."

Mzee akaondoka na daftari. Siku ya kwanza hakulisaini. Siku ya pili alipita mbele yangu kama hanioni, amenuna kama mtoto aliyenyimwa ziwa, na sisi wazee tuliostaafu, tunaokuja kunywa chai ya bure, tulikuwa tumeshaanza kucheka. Binti alikuwa anazunguka na macho mekundu. Chuo kilimpa hadi Ijumaa. Niliwaambia wenzangu hatasaini, nikaweka dau. Binadamu akikaa sana mahali, nilisema, anakuwa meneja.

Ijumaa asubuhi alichukua koleo, akaenda namba tano mbele ya zamu nzima, akaukata ule waya. Akafungua mlango, mashine ikasimama. Akaufunga, akaufungua tena. Kisha akaomba kalamu, maana zile nne siku hizi hazimo, akalisaini daftari juu ya mfuniko wa ndoo. Chini ya sahihi aliandika maneno mawili: "Ni kweli." Binti akapiga goti kidogo, akachukua daftari lake, akakimbilia basi.

Nimeshindwa dau, ndiyo maana naandika nikiwa na hasira.

Mwanafunzi, kwa ndoo zisizokatika masikio, kwa mikono yote iliyomo humu ikiwa na vidole vyake, na kwa kazi yangu ambayo hukuifuta, tunakushukuru. Nenda nyumbani. Tunakuombea afya, kiti chenye mto, na wajukuu watakaoandika makosa yako yote bila kukuogopa.