Historia ya Mwalimu Pulchérie Etabo na ya Mtoto Aliyejichimbia Njiani

Baba Padri, wazee wa ukoo, walimu mliotoka Baraka, majirani wa Lulimba, nanyi vijana mliosimama kule nyuma na mawe mikononi, familia inawaomba nyote mketi, maana historia hii itakuwa ndefu kuliko desturi, kwa sababu juzi nyumba ya Mama Dorothée, mama mkwe wa marehemu, ilichomwa moto kwa ajili ya kifo hiki, mkono wake ukavunjwa kwa fimbo, na asubuhi ya leo tumeletewa ujumbe kwamba akilisogelea kaburi hatatoka hapa akiwa hai. Sikilizeni kwanza mlichokuja kukilipizia kisasi.

Marehemu Pulchérie Etabo alizaliwa Nundu tarehe 14 Machi 1990, mtoto wa nne wa Mzee Albert Etabo, mvuvi, naye tangu utotoni alikuwa na hasira ya kuwatosha watu watatu, hata bibi yake akasema huyu hakulia alipozaliwa, aligomba. Oktoba 1996 vita vilipofika, baba yake alikatwa mapanga mlangoni mwake, mama akamfunika binti chini ya nyavu ndani ya mtumbwi, wakavuka ziwa hadi Kigoma, na damu ya baba ilikuwa bado kwenye gauni la mtoto walipopokelewa upande wa pili.

Masomo ya msingi aliyafanya katika kambi ya wakimbizi Tanzania, akarudi nchini mwaka 2009, akapata diplome ya serikali, cheti cha kumaliza sekondari, mwaka 2012, kisha akasomea biolojia huko Uvira hadi mwaka 2015, na Septemba ya mwaka huohuo alianza kufundisha shule ya sekondari Baraka. Mwaka 2017 risasi zilipolia mjini, mtu mwenye bunduki aliingia darasani kwake kutafuta simu za wanafunzi, Pulchérie akamwambia atoke kwa sababu somo halijaisha, mtu yule akampiga kwa kitako cha bunduki, meno mawili yakaanguka sakafuni, na wiki iliyofuata alirudi mbele ya ubao na mdomo uliovimba akaendelea pale alipoishia.

Somo lenyewe lilikuwa la mwanzo wa mimba, nalo alilipenda kuliko yote, na wengi walioketi hapa walilipokea kwake. Aliwafundisha kwamba siku kama sita au saba baada ya yai kurutubishwa, kiinitete, ambacho bado ni kidogo kuliko punje ya ulezi, kinafika kwenye ukuta wa tumbo la uzazi, na hapo hakibishi hodi, kinayeyusha nyama, kinapasua mishipa, kinajilisha kwa damu ya mama, mpaka ukuta umekifunika kabisa, na katika wiki ya tatu, kikiwa humo shimoni, kinajipanga tabaka tatu, la nje litoe ngozi na ubongo, la kati litoe moyo, mifupa na damu, la ndani litoe matumbo na mapafu. Darasa likiona aibu, aliligombeza: “Kila mumoja wenu alibomoa ukuta ya mama yake, basi musijifanye batakatifu hapa!”

Tarehe 6 Agosti 2016 alifunga ndoa na Wilfried Mmunga, mchimbaji wa dhahabu wa hapa Lulimba, ingawa wajomba walinung'unika kwamba msomi haolewi na mtu wa matope, na Mungu aliwajalia watoto wawili, Bienfait aliyezaliwa mwaka 2018 na Divine aliyezaliwa mwaka 2021. Watoto hao wote wawili walilelewa hapa Lulimba mgongoni mwa Mama Dorothée, mama yao alipokuwa kazini Baraka, jambo ambalo waliochoma nyumba wanalijua vizuri, maana baadhi yao walibebwa kwenye mgongo huohuo.

Julai 2024, wakati wa likizo, marehemu alikuja hapa kwa mama mkwe akiwa na mimba changa, na mara akaanza kuona matone ya damu na maumivu upande mmoja wa tumbo, ambayo hakumwambia mtu wa nyumbani. Alimpigia simu mwalimu mwenzake Jamila, aliyemsihi aende Baraka apigwe picha ya tumbo, naye akacheka: “Jamila, ni mi nafundishaka hii mambo, hii damu ni ya mutoto, iko anajichimbia tu.” Familia inasema hili bila kumdharau: alijua somo lake mno, akalisoma tumboni mwake palipoandikwa jambo lingine. Ni kweli mtoto alikwisha kujichimbia, tabaka zake tatu zilikwisha kupangika, la kati lilikwisha kumpa moyo na moyo ulikuwa unapiga, lakini hakufika kwenye tumbo la uzazi, alichimba njiani, ndani ya mrija unaolipeleka yai kwenye tumbo hilo, pahali pembamba pasipoweza kubeba shimo. Mficha maradhi, kilio humuumbua.

Tarehe 30 Julai asubuhi, alipokuwa akinywa uji kwa Mama Dorothée, mrija ulipasuka, akaanguka na kikombe mkononi, na hapo ndipo lilipozaliwa neno mlilolibeba hadi leo, kwamba “mama mukwe amemula mutoto”, yaani amemuua Pulchérie kwa uchawi. Mama Dorothée ndiye aliyempakia kwenye pikipiki ya Guy, mbeba abiria wa hapa Lulimba, akaketi nyuma kumshikilia, na kwenye kizuizi cha njiani watu wenye silaha walimpiga Guy mpaka akatapika damu, wakampiga mateke marehemu wakisema anajifanya, na mama mkwe akalala juu yake, akapokea yeye mateke yaliyobaki, wakazuiliwa hapo mpaka jua likaelemea. Hospitalini Baraka Daktari Patrice alipasua tumbo akalikuta limejaa damu, na Pulchérie akafariki tarehe 31 Julai. Wale wa kizuizini mnawajua kwa majina, mnawauzia bia, na hakuna kijana hata mmoja aliyewaokotea jiwe. Mliwaogopa wenye bunduki, mkamwendea kikongwe. Familia ina uchungu, na ina aibu kwa ajili yenu.

Tunamshukuru Daktari Patrice na wauguzi waliotoa damu yao wenyewe, tunamshukuru Guy aliyeendesha na mbavu zilizovunjika, walimu wa Baraka waliosafiri njia ileile kuja kumzika, na majirani waliozima moto kwa ndoo. Sasa Mama Dorothée atatupa udongo wa kwanza, mkono wake mmoja umefungwa, kwa hiyo Wilfried atamshika upande huo na wajomba wa marehemu, walewale walionung'unika, watasimama upande wa pili, na anayetaka kumpiga aanze na sisi.

Pumzika kwa amani, Pulchérie, wewe na mwanao. Mama yenu Dorothée anakuja na udongo.