Maji ya Kuoshea Nyama

Bamama na bababa wa kikundi yetu, asanti kunipa nafasi. Mama prezida aliniomba nifundishe bale bapya mambo ya ngulube, ile bengine banaita nguruwe: inakula nini, inabeba mimba muda gani, inaugua namna gani. Nitafundisha. Lakini mimi sina kitabu. Yote ninayojua niliyajua kwa kuanguka, basi mutanivumilia nieleze kwanza namna nilianguka.

Ilikuwa wakati ya vita ya pili ya inchi yetu. Hapa Lubondja hatukubaki na mbuzi hata moja. Benye bunduki balikuwa banazifunga kamba shingoni na kuondoka nazo. Ngulube balishindwa nayo. Ninyi bapya, sikieni: shingo ya ngulube ni nene sawa na kichwa, kamba inateleza inatoka. Ukitaka kuihamisha unaifunga muguu wa nyuma, unaiacha itangulie, na bado inakwenda kule inataka yenyewe, huku inapiga kelele mulima muzima usikie. Mwizi hana nafasi ya kazi ile. Zingine bazipiga risasi, sitasema uongo, lakini nyingi zilibaki.

Tulikimbia nazo bondeni, tukazificha nyuma ya matete, vibanda tisa karibu karibu pembeni ya kijito. Kijito ilikuwa lazima, juu ya vile ngulube haitoki jasho. Jua ikiipiga na hakuna maji wala matope, inakufa. Bantu banasema ni munyama muchafu. Ni sisi tunaoichafua. Ukiipa nafasi ya kutosha, haiwezi kuchafua pale inalala.

Mimi nilikuwa na moja tu, ya kike, yenye mimba. Bwana yangu alikuwa amevuka ziwa kutafuta kazi Kigoma, nikabaki na batoto batatu. Mimba ya ngulube ni miezi mitatu, juma tatu, na siku tatu. Nilikuwa ninahesabu kwa kufunga mafundo kwenye kamba. Vitoto havijazaliwa, mimi nilishavigawa: huyu wa daftari, huyu wa dawa, huyu wa chumvi na sabuni. Ile tumbo ilikuwa tegemeo yetu yote.

Kati yetu kulikuwa mama mumoja Muislamu, alikimbia kutoka Mboko na batoto bake bane. Alikuwa anauza ndagala kavu, vile visamaki vya ziwa. Ni mimi nilimuomba vumbi ya ndagala inayobaki chini ya gunia, niichanganye na maganda ya muhogo na majani ya viazi, juu ngulube yenye mimba inahitaji chakula ya nguvu. Alikuwa ananiwekea ndani ya kopo, juu ya jiwe, mbali na kibanda, anarudi zake. Baadaye akatuwekea sisi wote wa vibanda tisa. Hakuomba kitu.

Muzee mumoja aliyetunza banyama zamani kwenye misheni alikuwa ametupa sharti mbili. Ya kwanza, musilete nyama ya ngulube kutoka nje, na maji iliyoosha nyama ile musiipe ngulube, ugonjwa unajificha mule. Ya pili, ngulube ikikataa chakula, useme siku ileile. Nilizisikia vizuri. Hata nilibarudilia bengine waliochelewa kufika.

Siku moja, njia ilipotulia kidogo, nilipeleka muhogo Mboko. Pembeni ya barabara nilikuta banauza nyama ya ngulube, bei ya chini kabisa. Nyama ikiwa rahisi namna ile, uliza sababu. Mimi sikuuliza. Batoto bangu balikuwa hawajaonja mafuta tangu tulipokimbia. Nilibeba, nikapika, nikabaangalia banalamba vidole, na nilifurahi.

Maji ya kuoshea ilibaki ndani ya beseni, nyekundu, na mafuta kidogo juu. Muntu mwingine angeimwaga. Lakini sisi wenye kufuga ngulube tunajijua: kila maji ya jikoni tunaiona ni chakula. Niliona ni hasara. Nikaitia ndani ya maganda na nikapeleka.

Juma halikuisha, ngulube yangu ikalala na kukataa kula. Mwili ulikuwa moto. Masikio yalikuwa mekundu, kisha yakageuka rangi ya biringanya. Jirani akaniuliza, nikasema, "Imechoka, juu ya mimba." Nilisema vile siku tatu. Nilijua nikitaja ugonjwa, itauawa na kufukiwa palepale, na kwenye kamba nilikuwa nimebakiza mafundo machache. Siku ya ine mimba ilitoka, na yenyewe ikakufa.

Kisha ya jirani. Kisha ya jirani yake. Vibanda vyote tisa viliisha. Mama mumoja aliyepoteza ngulube ine aliendelea kuja asubuhi na beseni ya maganda, anakaa mulangoni, hajui ampe nani.

Bantu bakatafuta mwenye kosa, na bakamupata haraka. "Ni vumbi ya huyu," balisema. "Yeye hakuli ngulube, anaichukia." Mukutano ukakata shauri: aondoke na batoto bake, arudi njia ya Mboko. Bandugu, majuma yale vita ilikuwa imerudi kwenye njia ile, bantu balikuwa banauawa. Kila mumoja alijua tunamutuma wapi.

"Mi niliwapa ile nilikuwa nayo," alisema. "Kama iko sumu, nipeni nikule."

Akachukua vumbi kwenye kopo, akakula mbele yetu sote, bila maji.

"Sumu ya ngulube haiui muntu," bakamujibu.

Aliniangalia. Hakuwa ananishitaki, hakujua lolote. Ila mimi ndiye alinizoea, alingojea niseme neno moja la kumutetea. Nikainama, nikafunga kitenge yangu upya. Ilikuwa imefungwa vizuri.

Alianza kukunja mukeka wake. Aliukunja polepole, kona kwa kona, kama muntu aliyekwisha kukimbia mara nyingi. Nilishindwa kuangalia. Nilisimama.

"Ni mimi," nilisema. "Nilileta nyama ya Mboko. Maji niliipatia ngulube. Ilipougua nikanyamaza."

Yule mama wa ngulube ine aliniuliza kitu kimoja tu. "Na ulimuacha akule lile vumbi, wewe unajua?"

"Nilimuacha."

Hakuna aliyenipiga. Ningependa banipige. Muzee alisema, "Leta jembe." Nilianza kuchimba mashimo peke yangu, kufukia mizoga iliyotupwa kwenye matete. Halafu bamama bakakuja mumoja mumoja, tukachoma vibanda, tukafunga bonde miezi mingi bila ngulube. Yule mama wa ndagala hakukaribia mashimo. Alipika bugali na sombe ya majani ya muhogo, akanitumia neno: "Ngulube sitagusa. Wewe njoo ukule." Nilikula huku ninalia, na hakuniambia ninyamaze.

Mama wa ngulube ine ndiye wa kwanza kupata nyingine, kutoka kwa ndugu zake kijiji cha mbali. Ilipozaa, na vitoto vilipoacha ziwa, aliniletea kimoja cha kike, amekifunga kamba muguu wa nyuma. Nilimukatalia. Akasema, "Sikukuuliza kama unastahili. Kikizaa, na wewe utatoa kimoja." Ndivyo kikundi yetu ilianza, na ndivyo bapya leo munapewa.

Ninamushukuru Mungu. Ninashukuru yule mama, aliyerudi Mboko vita ilipotulia, wala hajafunga mulango wake kwangu. Ninashukuru ule mukono ulioleta ile kamba.

Ninyi bapya, namna ya kulisha na kuhesabu mimba mutajifunza, si ngumu. Kigumu ni asubuhi ile utakuta ngulube yako imelala, imekataa chakula, na utajisemea, ngoja kesho. Usingoje. Kuja kwangu, hata kama umeshanyamaza siku moja, hata kama umeshadanganya jirani. Sitakuuliza ulifanya nini. Nitachukua jembe na tutaenda pamoja.